FSX inakrashi? Kabla hujanunua RAM soma hapa kwanza

Flight Simulator X (FSX), simuleta ya Microsoft ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ilitoka 2006, kaka yake Flight Simulator 2004 (FS2004) ilitoka 2003, na timu iliyokuwa inazitengeneza, Aces, Microsoft waliifunga mwanzoni mwa 2009. Kwa hiyo anayetumia toleo la diski ajue hakuna apdeti inayokuja, matatizo tunatatuana wenyewe kwa wenyewe, na humo ndo ushauri mbovu umejaa kibao. Hizi simuleta nazipenda kweli, na kinachoniuma ni kuona mtu anaiacha au anamwaga hela kwenye vifaa wakati tatizo lilikuwa mstari mmoja tu kwenye faili.

Basi tuanze na dhana inayokula hela za watu kuliko zote.

"Imeandika memori imeisha, kwa hiyo ongeza RAM"

Hapana. FSX ni programu ya biti 32, na programu ya biti 32 hata ufanyeje haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za anwani za memori, na hizo 4 ni kwenye Windows ya biti 64 tena FSX iwe na Service Pack 2 (apdeti yake ya pili) au Acceleration (kifurushi chake cha nyongeza). Kwenye Windows ya biti 32 kawaida inapata GB 2 tu. Ukiweka RAM ya GB 32 ni sawa na kumpa mwenye ndoo moja tanki zima la maji, atachota ndoo yake ileile. Ndo maana unaweza kufungua Task Manager ukaona RAM nusu nzima iko wazi na bado simuleta inakwambia memori imeisha halafu inajifunga, mtu anachanganyikiwa anadhani Windows inamdanganya. Haimdanganyi, ni kwamba anaangalia namba isiyohusika. Chukua programu ya bure ya Microsoft inaitwa Process Explorer, washa safu ya Virtual Size, halafu rusha ndege huku unaiangalia ile namba ya fsx.exe, utaona inavyopanda ukikaribia uwanja mkubwa wenye majengo mengi na ikisogelea GB 4 jiandae.

Sasa dawa ni kupunguza kinachoijaza. Wanaojaza zaidi ni ndege nzito za kununua, viwanja vya kina sana, tekscha (picha zinazovalishwa kwenye maumbo) za 4096, miti na nyumba za autogen, yaani zile simuleta inazojijazia yenyewe ardhini, zilizovutwa mpaka mwisho, na ule mstari wa LOD_RADIUS kwenye faili ya setingi, fsx.cfg, unaopanga ardhi ya kina ionekane mpaka umbali gani, ambao watu wanaupandisha bila kufikiri. Kwenye menyu mwisho wake ni 4.5, ukiandika 9.5 kwa mkono unadhani umeongeza mara mbili, kumbe ni nusu kipenyo cha duara, eneo lenyewe linakuwa zaidi ya mara nne, na vyote vilivyomo humo vinatakiwa kupakiwa. Rudisha 4.5, tekscha shusha 1024 au 2048, kwa watu wengi tatizo linaishia hapohapo bila kutoa hata senti.

Hapa kuna kitu kinafanana nacho ila si chenyewe: ukiona vioo na paneli za ndege vinatoweka au vinakuwa vyeusi lakini simuleta bado inaendelea, fungua fsx.cfg, chini ya kichwa [GRAPHICS] ongeza mstari HIGHMEMFIX=1. Kati ya marekebisho yote ya mkono huu mmoja nausimamia bila wasiwasi.

"Ondoa yote, instoli upya"

Hii inapendwa sana na inapoteza siku nzima. Ukiondoa FSX kwenye Control Panel, setingi zako haziondoki. Fsx.cfg inabaki kwenye folda iliyofichwa ya AppData, orodha ya sinari (mandhari na viwanja) inabaki ProgramData, safari ulizohifadhi na logbook (daftari la safari zako) zinabaki Documents, kwa hiyo unainstoli upya masaa kadhaa na ile faili iliyoharibika inakusubiri palepale na inakrashi vilevile, halafu unahitimisha kwamba simuleta imekufa. Haijafa aisee.

Fanya hivi badala yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Microsoft\FSX, folda itafunguka. Fsx.cfg usiifute, ibadilishe jina tu iwe fsx.zamani, halafu washa simuleta, itatengeneza mpya yenyewe. Ikiwaka vizuri umeshajua mchawi. Isipowaka, humohumo kuna dll.xml, hiyo ndo orodha ya moduli za nyongeza zinazopakiwa kabla hata hujaiona menyu, nayo ibadilishe jina ujaribu tena. Ikiwaka bila dll.xml maana yake moja ya zile nyongeza ndo inaua, irudishe, ifungue kwa Notepad, kila nyongeza ina sehemu yake na mstari wa Disabled ulioandikwa False, weka True kwa moja, jaribu, nenda inayofuata. Inachosha kidogo lakini unapata jibu la uhakika, na uhakika ndo kitu kinachokosekana kwenye ushauri mwingi unaozunguka. Kama inakufa pale unapomaliza safari, logbook.bin iko kwenye washukiwa wa kwanza, isogeze pembeni uone.

Na kama kweli lazima uinstoli upya, weka nje ya Program Files, mfano folda yako mwenyewe kwenye C au diski nyingine, maana ulinzi wa Windows unazuia kuandika ndani ya Program Files na nusu ya malalamiko ya "nimehariri faili lakini haibadiliki" yanatoka hapo.

"Imetaja DLL fulani, basi idanlodi hiyo DLL"

DLL ni faili la kipande cha programu. Event Viewer, daftari la makosa la Windows, ikikwambia moduli iliyokosea ni ntdll.dll haimaanishi ntdll.dll yako ni mbovu. Inamaanisha kosa lilionekana likiwa pale, aliyelianzisha anaweza kuwa mwingine kabisa, ndege mbovu, sinari, draiva ya kadi ya grafiki. Jina la moduli lichukulie kama dokezo: ukiona terrain.dll fikiria ardhi na sinari, ukiona ai_player.dll fikiria ndege za trafiki zinazorushwa na simuleta yenyewe, ukiona g3d.dll fikiria maumbo na tekscha. Lakini kwenda kudanlodi DLL za Windows kwenye tovuti usizozijua unajiletea virusi na tatizo linabaki palepale.

Kuna moja tu inayovuruga kanuni hii na naitaja kwa sababu ni ya kweli: kwenye Windows 7 FSX ilikuwa inakufa ukifungua menyu mara nyingi, na kosa linatajwa UIAutomationCore.dll. Hapo dawa iliyofanya kazi kwa watu wengi ni kuweka toleo la zamani la faili hiyo, la enzi za Vista, ndani ya folda kuu ya FSX peke yake. Ile ya mfumo hauigusi.

"Nunua kadi kubwa ya grafiki fremu zitapanda"

FSX inategemea prosesa kuliko kadi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kori moja (kiini kimoja cha prosesa). Service Pack 1 ya 2007 iliiwezesha kutumia kori nyingi kwa kazi za kupakia ardhi, ila moyo wake umebaki palepale. Kujua kwako tatizo ni lipi ni dakika mbili: weka simuleta kwenye dirisha, lifanye dogo kabisa, angalia fremu. Zisipobadilika kadi yako haina kosa, prosesa ndo imelemewa, kwa hiyo kadi mpya itakaa inasubiri kama ile ya zamani. Punguza trafiki ya ndege na magari, punguza autogen. Maji nayo na mawingu yakiwa juu sana yanakula, ila hayo ndo upande wa kadi.

Kwenye hiyohiyo trafiki, ukiinstoli kifurushi cha trafiki cha FS2004 ndani ya FSX zile ndege za FSX zenyewe zinaweza kupotea zote viwanjani. Watu wanadhani faili zimefutika, ni miundo miwili haielewani tu, toa ile faili ya zamani zinarudi.

"Kompatibiliti mode ya XP inatibu kila kitu"

Hiyo ni setingi ya Windows ya kuifanya programu idhani iko kwenye XP. Kwa FS2004 ya diski kwenye Windows 10, haitibu. Diski zake zina ulinzi wa SafeDisc wa kuzuia kunakili, na ulinzi huo unahitaji draiva inaitwa secdrv.sys ambayo Windows 10 haina kabisa, na Microsoft waliizima kwa apdeti ya Septemba 2015 hata kwenye Windows 7 na 8 kwa sababu za usalama. Kwa hiyo unainstoli vizuri, unabonyeza ikoni, kimya. Ubofye kompatibiliti mpaka uchoke, kilichokosekana ni draiva. FSX yenyewe haina shida hiyo, na toleo lake la Steam lililotoka Desemba 2014 ndo naona njia nyepesi kwa mtu mwenye Windows mpya.

"Joistiki imekufa"

Kabla hujaitupa bonyeza Ctrl na K. Hicho kinazima na kuwasha joistiki ndani ya simuleta na watu wanakigusa bila kujua. Kisha nenda sehemu ya vidhibiti uangalie usikivu, wakati mwingine FSX inaacha vile vitelezi vikiwa sifuri, joistiki nzima ila simuleta haisikii. Ndege ikicheza yenyewe au nguvu ya injini ikipandashuka, angalia kama una vifaa viwili vimechomekwa, maana FSX inajipangia kazi kwenye kila kifaa ikikutana nacho na unakuta pedali na joistiki wote wanapigania kitu kimoja. Na ikipotea kila baada ya muda, Device Manager, kwenye USB, toa tiki ya kuruhusu kompyuta ikizime kuokoa umeme.

Kompyuta nzima ikizima ghafla kama imechomolewa, hiyo tafuta kwenye joto na pawa saplai. Programu ikikrashi inakurudisha Windows, haizimi umeme.

Mwisho kuna yale ambayo si tatizo kabisa, na wageni wanahangaika nayo mno. Ndege ya propela kuvuta kushoto ukiongeza nguvu ni fizikia, kanyaga pedali ya kulia. Injini kukohoa ukiwa juu sana na kitelezi cha uhalisia kimepandishwa ni mafuta yamezidi hewa kwenye mchanganyiko, punguza mafuta kidogo kidogo mpaka izunguke vizuri. Dira ya jairo kutofautiana na ile ya sumaku baada ya muda ni jambo la kawaida hata kwenye ndege halisi, bonyeza D inajipanga, na altimita bonyeza B. Na ukiwa ndani ya mawingu ya baridi ukaona spidi inashuka kuelekea sifuri huku injini inanguruma kama kawaida, usifute kitu, usiinstoli kitu, bomba la kupimia spidi limeganda barafu, bonyeza Shift na H uwashe joto lake.