Maana ya "sus": kosa la kushukiwa katika mitaa ya Wakaribiani nchini Uingereza

"Sus" ni jina la mkato lililozoeleka nchini Uingereza katika miaka ya 1970 kwa kosa la mtu "anayeshukiwa" (kwa Kiingereza "suspected") kuzurura mahali pa hadhara akiwa na nia ya kutenda uhalifu. Watu wengi waliofika kutoka Jamaika, Trinidad, Barbados na visiwa jirani tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 waliishi London na miji mingine mikubwa, na ni watoto wao wa kiume, wengi wakiwa wamezaliwa hapo hapo Uingereza, waliokamatwa kwa kosa hili kwa wingi uliozidi sana idadi yao katika jamii.

Kosa lenyewe lilikuwa la zamani. Lilitoka katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyopitishwa baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachishwa kazi na maskini wasio na makazi walipokuwa wamejaa barabarani. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua sura yake, kwa kuwa makosa ya uzembe na uzururaji katika kanuni za adhabu tulizorithi kwa wakoloni yana asili hiyo hiyo. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Ili kijana atiwe hatiani, ilitosha adaiwe kufanya jambo la kwanza lililomtia katika kundi la washukiwa, kisha jambo la pili lililoonyesha nia yake. Tuchukue kijana aliyesimama kwenye kituo cha basi huko Brixton, kusini mwa London. Askari wawili waliovaa kiraia wanaieleza mahakama kwamba walimwona akinyoosha mkono kwenye mkoba wa mwanamke mmoja, na baada ya muda mfupi akaujaribu mkoba wa mwingine. Hakuna kilichoibwa, wanawake hao hawajulikani ni nani, na hakuna mlalamikaji. Kesi inasikilizwa na mahakimu bila jopo la wananchi, na neno la kijana linapimwa dhidi ya maneno ya askari wawili yanayofanana. Akishindwa, anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, na rekodi ya uhalifu inamfuata kila anapoomba kazi. Sheria haikutaja rangi ya mtu hata mara moja. Iliyaacha yote kwa jicho la askari, na hapo ndipo ubaguzi ulipopata nafasi ya kutenda kazi bila kuandikwa popote.

Waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa wazazi, hasa akina mama wa Lewisham, kusini-mashariki mwa London, akiwemo Mavis Best, ambao walikwenda vituo vya polisi kudai watoto wao na kuendesha kampeni ya kutaka "sus" ifutwe. Mwaka 1980 kamati ya Bunge ilipendekeza ifutwe, na mwaka 1981 ikafutwa.

Si sahihi, hata hivyo, kuiona "sus" kuwa ni kitu kimoja na mamlaka ya polisi ya kusimamisha na kupekua watu, ambayo yalitokana na sheria nyingine na yakaendelea kuwepo. Mwezi Aprili 1981, polisi wa London waliingia Brixton katika operesheni iliyoitwa Swamp 81, wakawasimamisha watu 943 katika siku chache na kuwakamata 118. Walioshtakiwa walikuwa 75, na kati yao mmoja tu ndiye aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi. Ghasia kubwa zililipuka huko huko kati ya tarehe 10 na 12. Jaji Scarman, aliyepewa kazi ya kuzichunguza, alikosoa operesheni hiyo lakini alikataa kwamba ubaguzi wa kitaasisi, yaani ubaguzi wa rangi uliojengeka katika utendaji wa taasisi yenyewe, upo Uingereza.

Ilichukua miaka 18 zaidi kwa uchunguzi wa serikali kutamka kinyume chake. Mwaka 1993 Stephen Lawrence, kijana wa miaka 18 ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, aliuawa na vijana wazungu karibu na kituo cha basi huko Eltham. Ripoti ya mwaka 1999 ya Macpherson, jaji aliyeongoza uchunguzi wa mauaji hayo, ilieleza kwamba upelelezi uliharibiwa, miongoni mwa mambo mengine, na ubaguzi wa kitaasisi ndani ya polisi wa London. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba rafiki aliyekuwa naye usiku ule, ambaye alinusurika shambulio lile lile, hakutendewa na askari waliofika hapo kama mtu aliyeshambuliwa.