Buruji 12 hazikuanzia Ugiriki

Wapenzi wengi wa unajimu huamini kwamba buruji 12, zile nyota za kuzaliwa kama Simba na Mizani, ni ubunifu wa Wagiriki, kwa kuwa majina ya Kigiriki na Kirumi ndiyo yaliyoenea. Si kweli. Walioigawa njia ya jua katika sehemu 12, kila moja nyuzi 30, ni Wababeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, kwenye karne ya 5 KK. Vipo hata vibao vya udongo vinavyotaja kuzaliwa kwa mtoto na mahali zilipokuwa sayari wakati huo. Vya zamani zaidi vinavyojulikana ni vya mwaka 410 KK, miaka 79 kabla Alexander Mkuu na jeshi lake la Wagiriki hawajaingia Babeli.

Itazame buruji ya Jadi (Capricorn). Kwenye sarafu za Augustus, mfalme wa Roma, ni mbuzi mwenye mkia wa samaki. Kiumbe huyohuyo alikwishachongwa kwenye mawe Mesopotamia, yaani nchi hiyohiyo ya Babeli na jirani zake, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, akiwa mnyama wa Ea, mungu wa maji. Sayari ya Zuhura nayo ilikuwa nyota ya Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi wa Wababeli, ikawa ya Aphrodite wa Wagiriki, kisha Venus wa Warumi.

Warumi wenyewe walijua elimu hii ilikotoka: wanajimu waliwaita Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, na mwaka 139 KK waliwafukuza mjini Roma.

Wagiriki wasinyimwe haki yao, lakini. Kuujenga utabiri mzima juu ya buruji inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa ni kazi iliyokomaa kwa lugha yao, hasa Misri.