"Nati ikiingia, ndiyo yenyewe": dhana potofu za kuagiza spea za Cobra ya kujiundia

Cobra, gari la michezo, ilizaliwa 1962, Carroll Shelby alipotia injini ya V8 ya Ford ndani ya gari dogo la Kiingereza, AC Ace. Anayeunda nakala yake nyumbani leo bado anaagiza nchi mbili: injini Marekani, na ekseli ya nyuma mara nyingi ya Jaguar, Uingereza.

"Nati ikiingia, ndiyo yenyewe."

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Nati nyingi za paipu za breki za Kimarekani ni za inchi 3/8, meno 24 kwa inchi. Vifaa vingi vya Ulaya vya kisasa ni M10, yaani upana wa milimita 10, jino na jino zikipishana milimita moja. Sasa piga hesabu: inchi 3/8 ni milimita 9.5, na meno yake yanapishana milimita 1.06. Nati hiyo inaingia kwenye tundu la M10 kwa vidole tu, laini kabisa, na ukiweka spana inakaza kama kawaida. Niliwahi kuishika moja kabla haijafika mwisho, nikaitikisa. Ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Siku ukikanyaga breki kwa nguvu, presha inaweza kuichomoa. Mdomo wa paipu nao haufanani: wa Kimarekani hukunjwa mara mbili kwa nyuzi 45, wa Ulaya huwa na kiputo. Pima kwa kaliba na geji ya meno kila nati, hata iliyokuja kwenye boksi jipya.

"Flaiwili ya Ford 302 ni ileile."

Flaiwili ni gurudumu zito linalofungwa kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini, na hubeba uzito wa upande mmoja wa kuisawazisha; uzito huo ndio mizania. Injini za 302, V8 ya Ford, za zamani zina mizania ya aunsi-inchi 28. Za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina 50. Flaiwili zote mbili zinafungika kwenye krenki bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukikosea, injini itatetemeka mpaka iue beringi. Muulize muuzaji namba hiyo hasa. Mwaka wa gari hautoshi, maana injini nyingi zimeshabadilishwa krenki njiani. Na usidhani 351 Windsor, V8 nyingine ya Ford, ni 302 iliyoongezwa nguvu tu: bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu kwa takriban inchi 1.3, kwa hiyo hata manifoldi za kuingiza hewa haziingiliani.

"Ekzosi ya Cobra inaingia Cobra yoyote."

Sisi wa usukani wa kulia, Uingereza, Kenya au Tanzania, shafti ya usukani inashuka upande uleule wenye stata. Manifoldi ya ekzosi ya Kimarekani, ile inayotoa moshi kwenye injini, haikuachia shafti nafasi hiyo. Uliza kabla ya kulipa.

"Kitu chepesi hakina gharama ya kusafirisha."

Ndege hutoza nafasi pia. Boksi la ekzosi la sentimita 200 kwa 40 kwa 40, ukigawa kwa 5,000 kama wasafirishaji wengi wanavyofanya, linahesabiwa kilo 64 hata kama ndani mna kilo 15. Kisha VAT, ambayo Uingereza ni asilimia 20, inapigwa juu ya bei, usafiri na ushuru wa forodha kwa pamoja.

Rimu mimi naziacha mwisho. Bolti tano za Mustang, gari la Ford, zimekaa kwenye duara la milimita 114.3, za Jaguar 120.65. Mpaka ekseli iwe imefungwa na nimeipima kwa mkono wangu, acha gari likae juu ya magogo.