Chi ya tai chi siyo ile unayoihisi viganjani

Hakosekani mtu, kila inapofundishwa tai chi (mchezo wa Kichina wa kujihami, ufanywao kwa mwendo wa polepole), wa kueleza kwamba mchezo huu umeitwa hivyo kwa sababu ya chi, yaani nishati ya ndani ya mwili. Na wenzake wote huitikia kwa vichwa. Sivyo.

Nishati hiyo ni qi, inayotamkwa karibu na "chi": pumzi, hewa, uhai ambao tiba ya jadi ya Kichina husema huzunguka mwilini. Kwa Wachina wenyewe ni neno la kila siku. Tianqi ni hali ya hewa, kongqi ni hewa tunayovuta, shengqi ni kukasirika.

Iliyomo kwenye jina la mchezo ni ji: ncha, kilele, upeo. Herufi yake ina alama ya mti ubavuni, kwa kuwa asili yake ni boriti ya juu kabisa ya paa. Ncha ya Kaskazini kwa Kichina ni beiji, ji hiyohiyo. Taiji, basi, ni upeo mkuu, dhana ya kifalsafa inayozaa yin na yang, nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana, kongwe kuliko mchezo kwa karne nyingi. Mchezo ni taijiquan, ngumi za taiji.

Mkorogano umeletwa na ritifaa. Katika tahajia ya zamani ya Wade na Giles, ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, qi iliandikwa ch'i na ji ikaandikwa chi. Wachapaji wakaiona ritifaa kama uchafu wa karatasi, wakaiacha. Sisi tusiokubali ng'oa isomwe ngoa tulipaswa kushtuka mapema. China ilipitisha tahajia ya pinyin mwaka 1958, ikayatenganisha maneno haya waziwazi, lakini jina la zamani lilikwisha kusambaa.

Kuhusu kuihisi qi: simama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea. Inua mikono polepole hadi usawa wa mabega, kisha ishushe, viwiko vikitangulia. Ukirudia kwa utulivu, viganja huweza kupata joto na ncha za vidole zikasisimka. Walimu wengi watasema hiyo ni qi. Daktari atasema umetulia, unapumua taratibu, mishipa midogo ya damu imetanuka, na akili yako yote iko mikononi. Sioni haja ya kuwagombanisha. Ila wanaokakamaza vidole na kukunja uso ili waihisi wanajinyima wenyewe, maana sharti la kwanza huitwa song: kulegea bila kuporomoka.

Kwa hiyo aliyepata joto viganjani na kuliita qi, mwache. Akisema ndiyo chi ya tai chi, mwambie taratibu kwamba hiyo yake huandikwa qi, na ya kwenye jina ni ji.