Famasia Chuoni: Yanayosemwa Mitaani na Yanayokukuta Darasani

Kila mwaka wanafunzi wapya wa famasia huja na daftari lililojaa majina ya dawa waliyoanza kukariri wakati wa likizo. Nimewasimamia kwenye mafunzo kwa vitendo kwa miaka kadhaa, na huwa nawaomba waliweke daftari hilo pembeni kwanza. Bidii yao naiheshimu. Ila wameingia wakiwa wameaminishwa mambo ambayo yatawachosha bure, na mengine yanaweza kumdhuru mgonjwa siku moja.

“Famasia ni kukariri tu”

Majina ni mengi, sikatai, lakini yana ukoo. Tangu miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuzipa dawa majina ya kitaalamu yanayotambulika kote, na mara nyingi mwisho wa jina hukuonyesha dawa ni ya jamii gani. Captopril, enalapril na lisinopril zote huzuia kimeng'enya kimoja kinachochangia kupandisha shinikizo la damu. Propranolol na atenolol hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Ukiielewa jamii moja vizuri, umezijua dawa kadhaa kwa mkupuo. Tena ukishaelewa kwamba kimeng'enya kile ndicho pia huvunjavunja bradikinini, kemikali ya mwilini inayoweza kuchochea kikohozi ikirundikana, hushangai mtumiaji wa dawa za “-pril” akilalamikia kikohozi kikavu. Unamuuliza kabla hajakwambia.

Na mitihani ya miaka ya juu haiulizi dawa inaitwaje. Inakuuliza: figo za mgonjwa huyu zimedhoofu, dawa hii hutolewa mwilini na figo, dozi utaifanyaje? Hapo aliyekariri hukwama.

“Hesabu niliachana nazo sekondari”

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Hesabu nyingi za kila siku katika famasia ni za shule ya msingi: kuzidisha, kugawanya, uwiano. Uzito wake ni kwamba jibu linaingia mwilini mwa mtu.

Chukua mtoto wa kilo 14 mwenye homa. Parasetamo kwa miligramu 15 kwa kila kilo ni miligramu 210. Mkononi una dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Gawanya 210 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 8.75. Sasa, kwenye rafu hiyohiyo kuna kichupa cha matone, parasetamo ileile, lakini chenye miligramu 100 katika kila mililita 1. Kwa chupa hii, mtoto huyu anahitaji mililita 2.1 tu. Aliyeshika kichupa cha matone akapima 8.75 amempa mtoto miligramu 875, zaidi ya mara nne ya dozi yake. Dawa ni sahihi, ugonjwa ni sahihi, hata hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kusoma lebo. Kosa hilo likirudiwa kila baada ya saa sita kwa siku mbili, ini la mtoto liko hatarini.

Ndiyo maana nawasisitizia wakadirie jibu kichwani kabla ya kugusa kikokotoo. Mtoto mdogo akiandikiwa kiasi kinachokaribia cha mtu mzima, simama. Na nukta muiandike kwa adabu: 0.5, kamwe isiwe .5, maana nukta iliyofifia hugeuza nusu kuwa tano. Ukimaanisha 5, andika 5, wala usiandike 5.0, kwa sababu kuna atakayeisoma 50.

“Kinachotibu ni kiini cha dawa, vilivyobaki ni vya kujazia”

Wanafunzi wengi hulipita somo la utengenezaji wa dawa wakitazama saa. Nawasimulia ya mwaka 1937. Nchini Marekani, salfanilamidi, dawa ya kupambana na bakteria, ilikuwa ikitumika kama vidonge na unga, ikaamuliwa itengenezwe ya maji. Kikatafutwa kimiminika cha kuiyeyusha, kikapatikana diethilini glikoli: kitamu, kinayeyusha vizuri, na ni sumu inayoua figo. Ladha ilipimwa, harufu ilipimwa, mwonekano ulipimwa. Sumu haikupimwa. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi, na mwaka 1938 sheria mpya ikawalazimu watengenezaji kuonyesha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Kiini hakikuwa na hatia. Kilichoua ni kile kilichoitwa cha kujazia.

Na isidhaniwe ni habari ya kale. Mwaka 2022, baada ya watoto wapatao 70 kufa nchini Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji zilizokutwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Miaka 85 imepita na kosa ni lilelile.

Kwa hiyo utakapopewa kinu na mchi maabara, usione ni mchezo wa zamani. Una gramu 1 ya kiini na gramu 99 za unga wa kuchanganyia. Ukivimwaga vyote kwa pamoja ukakoroga, kijiko kimoja kitabeba dawa nyingi na kingine hakitabeba kitu. Unaanza gramu 1 kwa gramu 1, unasaga. Unaongeza 2, unasaga. Unaongeza 4, kisha 8, kila mara kiasi kinacholingana na kilichomo kinuni, ukikwangua kingo njiani. Mkono unachoka na unga unakaa kwenye nyusi. Lakini mwenye kijiko cha mwisho anapata dozi ileile aliyopata mwenye kijiko cha kwanza.

“Ni ya waliokosa udaktari”

Sitakaa sana hapa. Karne ya 13, chini ya Frederick II, mfalme mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi, sheria ilitenganisha kazi ya tabibu na ya mwandaa dawa na kuwakataza kushirikiana kibiashara. Mantiki yake bado ina nguvu: anayeandika dawa na anayeihakiki wakiwa watu wawili, kosa lina mlango wa pili wa kupita kabla ya kumfikia mgonjwa. Mofini ilitenganishwa na afyuni mwanzoni mwa karne ya 19 na msaidizi wa famasia wa Ujerumani, Friedrich Sertürner. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, mmoja wa waliogundua oksijeni, alikuwa mfamasia. Hao hawakukosa kitu. Ni kweli kwamba wapo wanaoingia famasia baada ya kukosa nafasi ya udaktari, na wengi wao wameishia kuipenda. Anayeumia ni yule anayekaa miaka yote akitazama jengo la jirani.

“Inamfaa mtu mkimya asiyependa kuongea”

Ukimya si tatizo, kutosikiliza ndilo tatizo. Ukimuuliza mgonjwa wa pumu, “Unajua kutumia inhela?” atakujibu ndiyo, kwa adabu tu. Mwambie, “Hebu nionyeshe unavyofanya.” Utamwona anabonyeza kwanza, kisha ndipo anavuta pumzi, dawa imeshatua yote kwenye ulimi. Mwingine hatikisi kopo. Mwingine anavuta vizuri lakini anatoa pumzi papo hapo badala ya kuishikilia kwa hesabu ya kama kumi. Huyo huenda amepandishiwa dozi mara mbili, akiambiwa dawa haimfai, na hakuna aliyewahi kumwomba aonyeshe. Sentensi moja ya upole inafanya kazi ambayo dawa kali zaidi isingeifanya. Vyuo vingi sasa hutahini jambo hili kabisa: mwanafunzi anawekwa mbele ya mtu anayeigiza mgonjwa, na anapewa alama kwa anavyouliza.

“Ukipata shahada, umekuwa mfamasia”

Bado. Uingereza kuna miaka 4 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini na mtihani wa usajili. Marekani shahada ya udaktari wa famasia kwa kawaida huchukua miaka 4 baada ya angalau miwili ya masomo ya awali, kisha mitihani ya leseni, na leseni yenyewe hutolewa na jimbo. Nchi nyingine zina mpangilio wao, lakini karibu kote kuna hatua kati ya joho na jina lako kuingia kwenye daftari la wafamasia. Ukihama nchi, shahada unaondoka nayo. Ruhusa ya kufanya kazi unaiomba upya. Hata baada ya usajili, sehemu nyingi hukutaka uonyeshe kuwa unaendelea kujifunza.

Wanafunzi hulalamika kwamba mwaka ule wa mafunzo ni wa kupotezewa muda. Mimi ndio ulionifundisha kazi. Nilikuwa na miezi michache tu kazini nilipopokea cheti cha dawa cha mama mmoja mwenye baridi yabisi: methotreksati, vidonge 4 vya miligramu 2.5, kila siku, kwa siku 28. Nikahesabu vidonge 112 bila kukosea hata kimoja, nikabandika lebo safi, nikampelekea msimamizi wangu asaini. Nilijisikia vizuri.

Aliangalia lebo, akaniuliza, “Anaumwa nini?” Nikamwambia. Akaniuliza tena, polepole, “Methotreksati kwa baridi yabisi hutumiwa mara ngapi?” Nilikuwa nalijua jibu. Nilishalijibu kwenye mtihani na nikapata alama zote: mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku hushambulia uboho, hutoboa vidonda mdomoni, na inaweza kuua. Nililijua, na bado nikahesabu 112.

Tukapiga simu. Daktari alinyamaza kidogo, akaomba asomewe tena, kisha akasema, “Mara moja kwa wiki, Jumatatu. Asanteni sana.” Cheti kikarekebishwa. Msimamizi akaniachia nihesabu upya, safari hii 16, vya wiki nne. Yeye akaandika JUMATATU kwenye lebo kwa herufi kubwa, akaketi na yule mama, akamweleza kwa nini siku nyingine asiiguse dawa hii hata maumivu yakizidi, halafu akamwomba amtajie siku yake kabla hajanyanyuka.

“Jumatatu,” mama akasema. “Jumatatu tu.”