Je, wajua kwanini 4,294,967,297 sio namba tasa?

Mimi nilibisha kabisa. Niliapa hii namba ni tasa, yaani haigawanyiki kwa chochote zaidi ya 1 na yenyewe, na sababu zangu zilikuwa mbili. Kwanza nilikaa na kalkuleta ya simu nikaigawa kwa 3, 7, 11, 13 mpaka tisini na kitu huko, kila mara desimali tu, nikachoka nikasema imetosha. Haijatosha! Ukitaka uhakika kwa njia hiyo inabidi ujaribu namba tasa zote mpaka karibu na kipeuo chake cha pili, kama 65,536 hivi, na ziko 6,542, mimi hata thelathini sikufika.

Sababu ya pili ina heshima kidogo maana nilikosea pamoja na mwanahisabati Fermat. Chukua 3, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1, unapata 5. Rudia hivyohivyo: 17, 257, 65,537. Zote tasa, kwa hiyo mwaka 1640 Mfaransa huyo akaamini na zinazofuata zitakuwa hivyo. Tano mfululizo jamani, nani asingeamini? Inayofuata ndio hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha ni 641 × 6,700,417. Wala hakubahatisha, alijua kigawanyo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64, kwa hiyo za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Sasa mbona 641 inaingia bila baki? Namba yetu ni mbili 32 zilizozidishana, halafu ongeza 1. Fikiria saa ya ukutani. Saa 11 ukiongeza masaa matatu unafika saa 2, sio saa 14, kwa hiyo 11 pale ni kama hasi 1, imepungukiwa moja kumaliza mzunguko. Chora saa yenye namba 641 badala ya 12. Hapo 640 ndio hasi 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 moja na mbili saba zilizozidishana. Zidisha 640 nne pamoja: hasi 1 nne zinatoa 1, na ndani yake una 5 nne, ambazo ni 625, na mbili 28. Ila 625 imepungukiwa 16 kufika 641, kwahiyo ni hasi 16, na 16 ni mbili nne. 28 na 4 ni 32. Basi hasi ya mbili 32 ni 1, mbili 32 zenyewe ni hasi 1, ongeza 1 mshale unarudi juu kabisa, baki sifuri. Yaani 641 ni 5 × 128 + 1 na papo hapo ni 625 + 16, ujanja wote uko hapo.

Kuanzia hii, 28 mfululizo zimeshathibitishwa sio tasa. Kwamba haitatokea tena iliyo tasa, hilo hakuna aliyelithibitisha, na inayofuata kwenye foleni ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.