Umetaboli Wako Haujalala

Wiki iliyopita, kwa mara ya tatu ndani ya siku mbili, niliambiwa maneno yaleyale ninayoyasikia tangu nianze kazi ya ushauri wa lishe hapa Kampala: "Musawo, mimi sili sana, ila umetaboli wangu umelala." Umetaboli ni kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati na kuitumia, nao humaanisha kwamba kazi hiyo kwao imepungua kasi mno. Safari hii aliyeyasema alikuwa mama mwenye duka la vitambaa, mwenye uzito wa kilo 104, na aliyasema kwa utulivu wa mtu anayetaja kundi lake la damu. Wateja huniita musawo ingawa mimi si daktari, nami nimekwisha kuacha kuwasahihisha. Hili la umetaboli kulala siwezi kuliacha, kwa kuwa linawaweka watu wakisubiri dawa ya kuamsha kitu kisichowahi kulala.

Hesabu yenyewe watu huipindua. Kwa mtu asiyefanya kazi ya sulubu, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku nzima hutumiwa na mwili uliotulia, yaani na moyo unaopiga, ini, figo, ubongo na misuli iliyopumzika. Mwili mkubwa una tishu nyingi zaidi za kulishwa, kwa hiyo mtu wa kilo 104 hutumia nishati nyingi zaidi akiwa usingizini kuliko dada yake wa kilo 60, ambaye familia nzima inamsifu kwa umetaboli wa haraka. Sikatai kwamba watu wawili wenye umri na umbo moja wanaweza kutofautiana. Ninachokataa ni kuitwisha tofauti hiyo mzigo wa kilo 40.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wa watu wanene waliosema kwamba hawapungui hata wakila chini ya kilokalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa, matumizi yao ya nishati yalionekana kuwa ya kawaida kwa miili yao. Kilichokuwa na kasoro ni kumbukumbu: walikuwa wameandika chakula pungufu kwa asilimia 47, maana yake walikula karibu maradufu ya walichoandika, na shughuli zao za mwili walikuwa wamezikuza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Mtu yeyote, nikiwamo mimi, hukumbuka sahani aliyoketi kuila na kusahau kilichopita mdomoni akiwa amesimama.

Hapa kwetu ninajua vinakojificha vilivyosahaulika. Daftari la chakula la yule mama lilikuwa na matoke, mchicha tunaouita dodo na kipande cha samaki, chakula ambacho ningemshauri mwenyewe. Halikuwa na mafuta ambayo msichana wa kazi huyamimina sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye dumu, wakati kila kijiko kikubwa kimoja kina takribani kilokalori 120. Halikuwa na hesabu ya mchuzi wa karanga, ingawa gramu 100 za karanga hupita kilokalori 550, huku gramu 100 za matoke yaliyochemshwa zikiwa na kama moja ya tano ya hizo. Halikutaja rolex ya jioni iliyoliwa kituo cha taksi, chapati na mayai mawili, wala soda ya nusu lita yenye gramu 50 hivi za sukari. Nikitaja chai ya vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, hujibiwa kwamba chai si chakula. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao wateja wengi huupokea kwa sura ya kudhulumiwa, ni kununua kijiko cha kupimia, kukifunga kwa kamba kwenye dumu la mafuta, na kuandika kila kitu kabla ya kukila, si usiku wakati kumbukumbu imekwisha kufanya hisani yake. Matoke yaacheni, yamesingiziwa vya kutosha.

Binamu wa dhana hiyo ni ile ya umri: "Nilipofika arobaini, umetaboli ukashuka." Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Baada ya ukubwa wa mwili kuzingatiwa, matumizi ya nishati yalionekana kutobadilika kati ya miaka 20 na 60, kisha yakaanza kushuka kwa chini ya asilimia moja kila mwaka. Kitambi cha arobaini kina sababu nyingine, na katika daftari zangu mara nyingi huanza mwaka uleule ambao mwenyewe alinunua gari.

Wengine hulikimbilia zoezi kama mtu anayelipa deni, wakiamini kwamba mbio za Jumapili zitafuta muchomo, yaani nyama choma, wa Jumamosi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Wahadza wa Tanzania, wawindaji na wachumaji wanaotembea mbali kila siku, na ikadhihirika kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, jumla ya nishati wanayoitumia kwa siku haizidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili ukizoea shughuli nyingi hubana matumizi kwingineko. Mazoezi hulinda moyo, hushusha sukari ya damu na husaidia uzito uliopungua usirudi, na hizo ni sababu tosha za kuyafanya. Wala asinijibu mtu kwa ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, ulioiweka Uganda kileleni kwa kuwa na asilimia 5.5 tu ya watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha. Sifa hiyo ni ya wanaolima na kuchota maji, si ya anayekaa dukani kwa muda wa saa kumi kisha akapanda bodaboda hadi mlangoni.

Kujinyima chakula hakuufungi umetaboli. Hupunguza kasi yake, hilo ni kweli, lakini wanaume 36 waliojitolea kuwekwa katika njaa huko Minnesota mnamo miaka ya 1944 na 1945 walikonda hadi kupoteza karibu robo ya uzito wao. Jasho la chumba cha mvuke ni maji, na kilo iliyopotea humo hurudi kwa chupa ya kwanza. Mafuta ya mwili yakivunjwa, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, kiasi kwamba katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 huondoka kama hewa ya kaboni dioksidi. Maji ya moto yenye ndimu hayayeyushi chochote isipokuwa sukari uliyoitia humo. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza kasi ya umetaboli, inaweza kweli kulegea, na anayesikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, mwenye uchovu na choo kigumu, akapimwe damu. Hata hivyo uzito unaotokana nayo kwa kawaida ni kilo chache, tena nyingi zikiwa maji na chumvi.

Limebaki la misuli, kwamba ukiijenga itakuchomea nishati nyingi hata ukiwa umepumzika, ambalo vijana wa jimu huniletea kwa kujiamini kuliko wote. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takribani kilokalori 13 kwa siku, na ya mafuta kama nne na nusu. Anayejenga kilo mbili za misuli kwa miezi ya jasho na mayai amejipatia nafasi ya kilokalori 26 kwa siku, ambazo hazifikii vijiko viwili vidogo vya sukari katika ile chai isiyo chakula.